Ingobyi ya Wageni

Tangu Patrick aliponitumia ujumbe ule, sikulala vizuri. Swali lililoniamsha lilikuwa moja, na nililigeuza kila upande mpaka likachakaa: je, hasira niliyo nayo juu ya Mwalimu Anastase na klabu yake ni yangu kwa haki, au nimebeba hasira ya mtu mwingine ambaye pengine yeye mwenyewe ameshaitua zamani? Patrick alikuwa rais wa Bega kwa Bega, klabu yetu ya huduma shuleni. Sasa anafanya kazi Kigali na bado anaongea kama rais. "Hadija, dada," alisema katika sauti aliyonitumia kwa simu, "Mwalimu Anastase anaenda pansheni. Klabu itamufanyia fête kubwa, bageni batakuya, banafunzi ba zamani bote batakuwa pale. Weye njo ulimaliza université, uko na kalamu. Utuandikie historia ya klabu, ukurasa moja tu, na utaisoma weye mwenyewe. Usisahau ile ya maman wa ingobyi. Ile njo inagusaka bantu." Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo mlangoni: "Na ile kazi uliomba pale shuleni, directeur atakuwa pale. Ni muzuri akuone." Kweli nimeomba kazi pale. Tangu nipate shahada nimeomba kazi kila mahali penye ubao wa matangazo, na shule ile ndiyo pekee iliyonijibu kwamba imepokea maombi yangu. Nilisikiliza ujumbe huo nikiwa chumbani kwangu Kamembe, chai imepoa mbele yangu, na kitu cha kwanza nilichofikiri si kazi. Nilifikiri: maman wa ingobyi! Wanathubutu vipi?

Mwaka wa habari hiyo ya ingobyi nilikuwa mwaka wa tano, katika shule ya bweni juu ya kilima, upande wa Mibirizi. Kila mwanafunzi alilazimika kuwa na klabu, kwa sababu klabu iliingia kwenye alama za nidhamu. Kulikuwa na klabu ya mazingira, ambayo kila mwaka ilipanda miti katika mashimo yale yale ya mwaka uliopita. Kulikuwa na kwaya, na klabu ya midahalo iliyokuwa ya watu wanaopenda sauti zao. Na kulikuwa na Bega kwa Bega, ambayo kila mmoja aliitaka kwa sababu mikutano yake ilikuwa na chai ya maziwa na mkate. Sisi wengine tulikula mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, mchana na jioni, mpaka tukaacha kuyaona. Msichana akichaguliwa kuingia, wenzake bwenini walimwimbia, "Anaenda kuhudumia tumbo!" Klabu ilikutana katika chumba cha nyuma ya kanisa, ambamo zamani masista walihifadhi mbegu za maharage. Harufu ya mbegu ilikuwa bado ukutani, harufu ya vumbi tamu kidogo, na juu ya harufu hiyo zilibandikwa picha. Katika kila picha alikuwepo mwanafunzi anayetoa kitu, mzee anayepokea kwa mikono miwili, na Mwalimu Anastase katikati, mkono mmoja begani kwa huyu na mwingine begani kwa yule. Blanketi, sabuni, jembe, godoro. Nilipokuwa mgeni katika chumba kile nilizipenda picha hizo. Nilitaka kuwemo. Sasa nikizikumbuka naona jambo moja tu, kwamba hakuna picha hata moja ambayo yule mzee anasema neno.

Vestine ndiye aliyenivuta kwenye klabu. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu, na kabla sijachaguliwa alikuwa akirudi na nusu ya mkate wake mfukoni ananipa bila kusema kitu. Alitoka Bweyeye, kule kando ya msitu, na Kiswahili alikipata Bugarama, ambako likizo zote alikaa kwa shangazi yake kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Alikisema kwa kelele, kama bado anafukuza ndege. Shuleni tulizungumza Kinyarwanda, lakini sisi wawili tulipotaka kusengenya tulitumia Kiswahili, na hapa nawasemesha wote lugha hiyo, maana ndiyo ninayowaza nayo. Vestine hakuwa kwenye klabu kwa ajili ya chai. Klabu ilikuwa na wafadhili wa Ulaya, na wafadhili hao waliwalipia karo wanachama wachache wenye bidii ambao nyumbani kwao hakukuwa na uwezo. Yeye alikuwa mmoja wao. Kila mtu alijua, kwa sababu Mwalimu alikuwa akiwasimamisha mbele wageni wakija.

Sasa niseme habari ya ingobyi. Ni machela ya kusuka, kama kikapu kirefu kilichofungwa kwenye miti miwili, na watu wanne huibeba mabegani. Vilima vyetu gari haipandi wakati wa mvua, kwa hiyo mgonjwa hubebwa mpaka barabarani. Kila kilima kina ushirika wake wa ingobyi: mwito ukipigwa unaacha jembe, unakwenda kubeba, na siku yako ikifika nawe utabebwa. Huwekwa kwenye nyumba iliyo karibu na njia, mahali ambapo yeyote anaweza kuichukua bila kubisha hodi. Mwaka ule ingobyi ya kilima cha shule ilikuwa imeoza. Mwalimu Anastase akapata wazo, na nakubali lilikuwa wazo zuri. Watu wa kilima walete mianzi na wasukaji, klabu ilete kamba na turubai la kufunikia, wageni waje waone jinsi vijana wanavyotunza utamaduni, kisha ingobyi ikae kwa Mama Donatha. Mama Donatha aliuza parachichi na ndizi kwenye uzio wa shule, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa njiani. Wazee walikuja uwanjani kwetu wakasuka, sisi tukiwapelekea maji. Ilikuwa nzuri, nyeupe, yenye harufu ya mwanzi mbichi. Kisha wageni wakaahirisha safari. Mwalimu akaifunga utepe wa rangi za klabu, akaiingiza katika kile chumba cha mbegu, akatia kufuli, na ufunguo akampa Patrick. Nilikuwepo Mama Donatha alipomuuliza pale uzioni, "Mwalimu, ingobyi inafungiwaka?" Akamjibu kwa upole, akimnunulia parachichi, "Ni wiki kidogo tu, mama. Bageni bakiisha kuiona, itakuya kwako." Ule upole ndio unaoniudhi mpaka leo. Angekuwa mtu mkali ningemsamehe mapema zaidi.

Ilikuwa alasiri ya mvua, wageni wakitarajiwa Jumamosi yake, na tulikuwa tukifagia ukumbi. Mama Donatha aliingia mpaka ndani akiwa na wanaume wawili, maji yakiwatiririka miguuni juu ya sakafu tuliyotoka kuipiga deki. Mkwe wake Claudine alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hashuki. Ambulansi ya hospitali ilikuwa imepigiwa simu ikafika darajani chini, ikashindwa kupanda. "Nataka ingobyi," akasema. Patrick aliacha ufagio. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, niliona mkono wake ukiugusa. Akasema lazima amuulize Mwalimu, akatoka barazani kumpigia. Tulisikia upande wake tu wa maneno: "Ndiyo, Mwalimu... Ndiyo, mvua ni nyingi... Tope, ndiyo... Nitabaambia." Akarudi bila kumtazama mama yule usoni. "Mwalimu anasema mutumie ile ya zamani. Ama mutoe mulango, mumubebe juu yake. Hii bageni banakuya kuiona samedi, ikiingia tope haitasafishika."

"Ile ya zamani imeoza, mutoto yangu. Mianzi ya hii nilikata mie na bwana yangu."

"Minajua, mama. Si mie. Ni Mwalimu."

"Toa ufunguo," Vestine akasema.

"Vestine, weye usijiingize. Weye hasa."

Weye hasa. Sote tulijua maana yake: wewe unayelipiwa. Vestine alimtazama, kisha akatoka, na mimi nikamfuata kwa sababu nilimjua. Alichukua jembe lililoegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, akapiga kufuli kwa mgongo wa jembe, mara moja, mara ya pili, na pete yake ikang'oka pamoja na kipande cha mbao. Patrick alikuwa nyuma yetu anapiga kelele, "Munavunja mali ya shule! Hadija, nawe?" Vestine akaukata ule utepe kwa meno. Wanaume wa kilima wengi walikuwa wameteremka Bugarama kwenye mavuno ya mpunga, ndiyo sababu mama alikuja na wawili tu. Mmoja wao akatuangalia sisi wasichana wawili, akasema wanawake hawabebi ingobyi. Mama Donatha akamjibu, "Basi zaa weye, njo uchague babebaji." Tukabeba. Mimi ni mfupi, Vestine mrefu, kwa hiyo tulipompakia Claudine nyumbani kwao nilikunja sweta la shule nikaliweka begani ili miti ilingane. Nakumbuka tope lilivyotuvua viatu. Nakumbuka Claudine hakupiga kelele, alikuwa akisema tu, "Polepole, polepole," kama mtu anayemwelekeza dereva, na Mama Donatha akitembea pembeni ameshika turubai juu ya uso wake. Vestine alikuwa akitupa hatua: kushoto, jiwe, kushoto. Tulifika darajani, ambulansi ikamchukua, na jioni ile ile habari ikarudi kwa simu kwamba mama na mtoto ni wazima. Tuliirudisha ingobyi shuleni. Nasema hili kwa sababu baadaye ilisemwa tuliiiba. Tuliiosha bombani, tukaisimamisha barazani ikauke.

Kesho yake tukaitwa. Kosa liliitwa uharibifu wa mali na utovu wa heshima. Adhabu ilikuwa kuchimba shimo la takataka nyuma ya ukumbi, na shimo lile lilituchukua mpaka Jumamosi. Kwa hiyo tulikuwa nyuma ya ukuta, madirisha ya ukumbi yako wazi juu ya vichwa vyetu, wageni walipokaa. Tulisikia kwaya. Tulisikia sauti ya Mwalimu Anastase, nzuri kama kawaida, ikieleza kwa Kifaransa kwamba juzi tu, katikati ya mvua, vijana wa Bega kwa Bega waliacha yote wakambeba mama mjamzito kwa ingobyi hii mnayoiona, na kwamba tope lililoingia kwenye mianzi yake hawakulifuta kwa makusudi, ili wageni walione. Tulikuwa tumeliosha. Mtu alikuwa amelirudisha tope! Hata sasa nikiandika nalazimika kusimama kidogo. Kisha akamwita Mama Donatha atoe ushuhuda, yeye mwenyewe awe mkalimani. Mama akashukuru Mungu, akashukuru shule, halafu akasema, na kila neno lilitufikia: "Sasa niko na swali. Bale mabinti babiri bako wapi? Ule mrefu, Vestine, na ule mufupi wa kitambaa kichwani. Banaoniangalia hapa bote biatu byabo ni bisafi." Kisha Mwalimu kwa Kifaransa, bila kukwama: "Mama anasema hana maneno ya kutosha kuishukuru klabu." Makofi. Yalikuwa makofi marefu, ya watu walioguswa kweli, na sina ugomvi na wageni wale, hawakujua. Mama Donatha alikuwa bado anauliza, tulimsikia, "Bako wapi? Nimeuliza," na sauti yake ikafunikwa na kwaya.

Vestine alikuwa ameegemea mpini. "Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi chimba."

Haikuishia pale. Mimi nilipunguziwa alama na kutolewa kwenye klabu, basi. Karo yangu ilitoka nyumbani. Vestine alitumwa Bweyeye kumleta mzazi, na kutoka kwetu mpaka kule ni gari, kisha pikipiki kama njia inaruhusu, kisha miguu. Alirudi na baba yake, tope limemkauka mpaka magotini, ameshika kofia mkononi tangu getini. Nilikuwa nafagia korido ya ofisi, nikasikia mlango ukiwa wazi. Mwalimu alisema taratibu kwamba wafadhili wanataka mfano mwema, kwamba yeye binafsi anaumia, kwamba klabu haiwezi kumlipia mtoto anayevunja milango. Baba yake Vestine hakubishana. Alisema, "Asante, Mwalimu, kwa yote ulimufanyia mutoto yangu." Alimshukuru! Wala Mwalimu hakumwambia, hapana mzee, usinishukuru. Aliipokea ile shukrani kama alivyopokea zote. Muhula ulipoisha Vestine alifungasha godoro lake, akaniachia sabuni iliyobaki, na mwaka wa sita hakurudi.

Najua yanayoweza kusemwa upande wa pili, maana nimeyasema yote mwenyewe, nikiwa chali, nikitazama dari. Mwalimu Anastase alifundisha fizikia vizuri kuliko yeyote. Aliwalipisha wafadhili karo za watoto wengi ambao leo ni wauguzi na wahasibu. Huenda aliogopa kwamba wafadhili wakiiona ingobyi chafu wangeondoka na wote wangekosa. Huenda aliamini alikuwa akilinda wengi kwa kumtoa mmoja. Nimempa hoja nzuri kuliko ambazo yeye mwenyewe angejipa, ndiyo tabia yangu, na kila nikimaliza kumtetea namsikia akitafsiri. Mtu anayeogopa hukosea, hutetemeka, hutafuta neno. Yeye hakutafuta neno.

Lakini ilibaki ile shaka ya mwanzo, kwamba hadithi hii si yangu kuitoa. Siku nyingi nilikuwa na namba ya Vestine na sikumpigia, nikijiambia labda amesahau, labda mumewe hajui, labda nitamtia aibu, labda ataona nimekumbuka kwa sababu nina la kwangu. Hatimaye nilipiga mchana, na aliyepokea alikuwa anapiga kelele vile vile. Anauza unga wa muhogo na mafuta ya mawese sokoni Bweyeye, ana watoto wawili.

"Hadija! Nilifikiri umeisha kuwa ministre hautuoni!"

Nikamweleza yote, haraka, kwa kurukaruka. Nikamsomea nilichokuwa nimeandika. Kisha akasema, "Pale umeandika nililia. Sikuliaka."

"Nilidhani..."

"Ulidhani mubaya. Nilikasirika. Andika nilikasirika. Na jina yangu uiandike yote, si Vestine peke yake, kuko ba-Vestine mingi. Na usiniweke maskini. Niko na duka."

"Na kama itakuletea matatizo?"

"Matatizo gani, sha? Batanifukuza masomo?" Akacheka mpaka akakohoa, akasema ana mteja, akakata.

Nikamtumia Patrick maandishi yote siku hiyo hiyo. Alinipigia kabla sijaweka simu chini. "Unataka kuua fête? Mzee anaenda zake, muache aende na heshima. Kata ile sehemu, zingine ni nzuri sana."

"Sikati."

"Na ile kazi, Hadija?"

"Ulikuwa na ufunguo mfukoni, Patrick," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ile ninayoifahamu. "Nilikuona ukiugusa." Akakata simu. Sijui kwa nini hakuliondoa jina langu kwenye ratiba. Labda alidhani nitaogopa nikifika.

Na niliogopa. Ukumbini nilikaa safu ya pili na karatasi imelowa jasho, nikihesabu sababu za kuondoka. Mwalimu Anastase alikuwa mbele, amevaa suti, nywele zimekuwa nyeupe, na nilipopita kwenda jukwaani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Hadija wangu." Nikaanza na chumba cha mbegu, chai ya maziwa, wazee wakisuka, na watu wakacheka walipotambua. Kisha nikataja jina la Vestine, lote, na la baba yake, nikasema nani alivunja kufuli na kwa nini lilikuwepo. Kicheko kikakatika. Directeur akamgeukia Patrick. Nikafika kwenye swali la Mama Donatha, nikalisoma kama alivyoliuliza, kisha nikasoma jinsi lilivyotafsiriwa. Mwalimu alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. Mwongoza sherehe akanisogelea, akaweka mkono juu ya kipaza sauti, akaninong'oneza, "Dada, muda umeisha, kaa." Niliutoa mkono wake. Nikapaza sauti ili watu wa nyuma wasikie, nikasoma mpaka mwisho.